Taa ya Injini Ikiwaka: Isomeni Pamoja Kabla ya Kutoa Pesa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayoleta amani au ugomvi katika nyumba: pesa, malezi ya watoto, wakwe, ulevi. Leo tutazungumza juu ya taa ndogo ya rangi ya manjano iliyo mbele ya dereva, yenye picha ya injini au maneno CHECK ENGINE. Msicheke. Taa hiyo imewahi kuleta maneno makali kati ya mume na mke kuliko hata wakwe.

Jamaa nyingi zenye gari hapa kwetu zina gari la zamani. Sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini ikiwa halijapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo magari mengi hushushwa Mombasa yakiwa tayari na miaka 7. Mwenye kwanza hulitumia miaka kadhaa, huliuza, wa pili naye huliuza, na linapofika kwenu lina miaka 15 au 20. Hata hivyo ndilo linalopeleka watoto shuleni, magunia sokoni, mgonjwa hospitalini usiku, na jamaa yote misani siku ya Jumapili. Gari hilo likilala, nyumba nzima huhisi.

Taa ya injini inapowaka katika gari kama hilo, watu hufanya moja kati ya mambo matatu. Wa kwanza huidharau, akisema, "Gari kuukuu halikosi mambo." Wa pili hukimbia kwa fundi wa kwanza anayemwona, na kununua kila spea anayotajiwa. Wa tatu humgeukia mwenzake: "Jana ulikuwa nalo wewe. Umelifanya nini?" Njia zote tatu hula pesa, na ya tatu hula na amani pia. Iko njia ya nne, nayo ni rahisi: isomeni taa pamoja, mjue inasema nini, ndipo mtoe pesa.

TAA HII NI NINI?

Gari la siku hizi lina kompyuta inayoongoza injini. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa sensa nyingi: moja hupima joto la maji ya radiata, nyingine hewa inayoingia, nyingine oksijeni iliyobaki katika moshi wa ekzosi. Kwa habari hizo kompyuta huamua kiasi cha petroli cha kumimina na wakati wa kuwasha cheche. Habari zisipopatana, huandika namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake na kuwasha taa.

Taa hii iliwekwa hasa kwa ajili ya kuchunga moshi. Huko Marekani, tangu magari ya mwaka 1996, sheria ilidai kila gari jipya liwe na mpango mmoja wa kujipima, wenye namba za aina moja na tundu moja la kuchomekea mashine ya kusomea. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2000 na 2001. Ndiyo sababu leo mashine moja ndogo yaweza kusoma magari ya viwanda vingi.

Shikeni neno hili: taa ni kama mtoto anayelia. Kilio chakwambia pana jambo. Hakikwambii kama ni njaa, homa au mchwa aliyemwuma. Mzazi mwenye busara hampi dawa ya malaria kila mtoto anayelia. Kwanza humgusa paji la uso.

ANGALIENI RANGI NA NAMNA INAVYOWAKA

Wote wawili wanaoendesha gari wajue tofauti hizi, na mtoto mkubwa pia akijua si vibaya.

1. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili. Hii si taa ya injini tunayozungumzia. Maana yake oili haina nguvu ya kuzunguka. Simama mahali salama na uzime injini mara moja. Dakika chache za kuendesha bila oili zaweza kuua injini yote.

2. Alama nyekundu ya joto, au mshale wa joto kupanda hadi mwisho. Simama, zima, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha radiata ikiwa moto; maji yale huruka na kuunguza uso.

3. Taa ya manjano ya injini inayowaka bila kupepesa. Ikiwa gari linakwenda kama kawaida, halitetemeki, halina joto wala harufu mbaya, waweza kufika nyumbani polepole. Lakini lisomwe katika siku chache. Usingoje miezi.

4. Taa ya manjano inayopepesa. Hapa silinda moja au zaidi haichomi petroli. Mara nyingi gari hutetemeka na kukosa nguvu. Petroli isiyochomwa huingia katika kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho ndani yake kina vitundu kama masega ya nyuki. Huko huwaka na kuyayeyusha masega. Punguza mwendo, usipande mlima na mzigo, na ukiweza simama uite fundi. Jambo ambalo pengine lingemalizika kwa plagi moja huweza kugeuka kuwa gharama kubwa kwa safari ya siku moja tu.

Kumbukeni pia kwamba ukiwasha swichi kabla ya kupiga injini, taa hii inapaswa kuwaka kidogo, kisha kuzimika injini ikishika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, au mtu ameing'oa. Tutarudi kwa jambo hilo.

PETROLI ISIYOTOSHA: MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba moja ambayo kila wiki hutumia gari kilometa 240: kazini, shuleni, sokoni. Gari lilikuwa likienda kilometa 12 kwa lita, kwa hiyo lita 20 zilitosha wiki. Sasa hazitoshi. Ijumaa mume huomba pesa zaidi za petroli. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu mke hunyamaza, lakini moyoni anauliza, "Gari hili huenda wapi ambako sijui?" Wiki ya nne swali linatoka mdomoni, tena mbele ya watoto. Mume hukasirika kwa sababu hajaenda popote. Naye mume, kwa hasira, humwuliza mke nani aliyelitumia Jumamosi kwenda kwa dada yake.

Wakati huo wote taa ya manjano ilikuwa ikiwaka. Mume aliiona mwezi uliopita. Hakusema, kwa kuwa karo ilikuwa karibu na hakutaka kuongeza mzigo.

Shida ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kidude kidogo kinachopima joto la maji. Sensa hiyo ikiharibika na kudanganya kwamba injini ni baridi daima, kompyuta humimina petroli nyingi, kama inavyofanya asubuhi ya baridi ya Limuru. Gari huanza kwenda kilometa 9 kwa lita. Pigeni hesabu: 240 gawanya kwa 9 ni karibu lita 27. Lita 7 zaidi kila wiki, lita 28 kwa wiki nne, na hakuna mtu aliyeenda popote.

Jambo lingine lenye matokeo kama hayo ni kuondolewa kwa thamostati. Mafundi wengine huitoa gari likipata joto, wakisema nchi zetu za joto haziihitaji. Si kweli. Thamostati huzuia maji yasizunguke kwenye radiata mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Ikitolewa, injini hukaa baridi mno, petroli huliwa, na katika magari mengi taa huwaka, mara nyingi kwa namba P0128. Kama gari lenu liliwahi kutengenezwa radiata, mwulizeni fundi: "Thamostati iko?"

Mnaona basi. Mume alificha taa kwa nia njema, na mke aliuliza kwa sababu aliona pesa zinakwisha. Wote wawili walikuwa na haki kidogo, na wote wawili walikosa habari. Taa ingesemwa siku ya kwanza, ugomvi ule haungezaliwa.

KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

Taa ikiwaka, kaeni wawili mjibu maswali haya. Hayahitaji ufundi, yahitaji ukweli.

Je, iliwaka lini, na gari lilikuwa wapi? Injini ilikuwa baridi au imeshika joto? Je, gari lilioshwa siku hiyo? Kuosha injini kwa maji ya nguvu huingiza maji kwenye koili na viunganishi vya waya, na taa huwaka saa chache baadaye. Je, lilitoka sevisi juzi? Huenda fundi alisahau kurudisha waya wa sensa au mpira wa hewa baada ya kubadilisha kichujio. Je, mliweka petroli mahali pageni? Kwa muda mrefu wauzaji wachache wasio waaminifu walichanganya mafuta na mafuta ya taa, hata Serikali ikatoza ushuru wa sh. 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuanzia Septemba 2018 ili kuzuia hila hiyo. Wekeni risiti za petroli. Na ninyi wa mashambani, fungueni boneti mtazame kama panya wametafuna waya. Hupenda joto la injini usiku.

Kisha angalieni haya: oili kwa kijiti chake, maji ya radiata injini ikiwa baridi, kifuniko cha tanki kama kimefungwa sawasawa, vichwa vya betri kama vimekaza, na mpira wowote uliochomoka au kupasuka. Katika magari mengine kifuniko cha tanki kilicholegea chatosha kuwasha taa. Ukikikaza, taa haizimiki papo hapo. Kompyuta nyingi huizima zenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kuiona hitilafu tena. Kwa hiyo msikate tamaa siku ya kwanza.

Anayeliendesha gari zaidi ndiye shahidi mkuu. Kama ni mke, basi yeye ndiye azungumze na fundi. Wako mafundi ambao mama akieleza, wao humtazama mume. Wewe mume, mwambie fundi kwa upole, "Mwenye habari ni mama watoto, msikilize." Fundi aliyesikia kwamba gari hutetemeka likipanda mlima tu, tena likiwa limeshika joto, ameokolewa nusu ya kazi.

KUISOMA NAMBA

Ikiwa gari lenu lina tundu lenye matundu madogo 16 chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, mashine huchomekwa hapo na namba huonekana. Gereji nyingi zina mashine hiyo. Viko pia visomaji vidogo vinavyozungumza na simu ya mkononi. Marafiki watatu au wanne wa jumuiya moja wakichanga, kimoja chaweza kuwatumikia wote.

Magari ya zamani zaidi kutoka Japani huenda hayana mpango huo kamili. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Fundi huunganisha kwa waya tundu la TE1 na la E1, huwasha swichi bila kupiga injini, na taa yenyewe huanza kupepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 22, yaani njia ya sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, njia ya sensa ya oksijeni. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Msiunganishe wenyewe kwa kubahatisha; waya ukiwekwa tundu lisilo lake huweza kuunguza kitu. Lakini mjue kwamba gari hilo pia laweza kusema, na anayewaambia kwamba halipimiki pengine hajui tu.

Andikeni namba kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kuifuta. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amepoteza ushahidi.

NAMBA SI JINA LA SPEA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine husema, "Hitilafu ya sensa ya oksijeni," na mtu hukimbia mtaa wa spea kununua sensa. Lakini namba huonyesha mahali ambapo kompyuta imeona jambo lisilopatana. Mkosaji aweza kuwa sensa, waya wake, au kitu kingine kabisa ambacho sensa inakisema kwa uaminifu. Mkimpiga anayeleta habari, habari haibadiliki. Tutazame namba tatu zinazoonekana mara nyingi.

P0301 husema silinda ya kwanza haichomi. P0302 ni ya pili, na kuendelea. Chanzo chaweza kuwa plagi, koili, pua ya kumimina petroli, au nguvu ya silinda yenyewe. Katika magari ambayo kila silinda ina koili yake, liko jaribio lisilo na gharama. Fundi huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, na ya pili kwenda ya kwanza, hufuta namba, kisha gari huendeshwa. Namba ikigeuka P0302, ugonjwa umehama na koili. Nunueni koili moja. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Tazameni plagi na mengine. Jaribio hilo la nusu saa hukuzuia kununua koili nne kwa ajili ya plagi moja.

P0171 husema hewa ni nyingi kuliko petroli. Mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka kwa uzee, na mlio wa kufyonza husikika. Yaweza kuwa sensa ya hewa iliyojaa vumbi la barabara zetu. Hiyo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, si kwa kitambaa wala petroli. Yaweza pia kuwa kichujio cha petroli kilichoziba au pampu iliyochoka. Anzeni na kisicho na gharama.

P0420 husema masega ya kusafisha moshi yamedhoofika. Msikubali upesi kuyabadilisha wala kuyaondoa. Kwanza ekzosi ikaguliwe kama ina tundu, na injini ikaguliwe kama inakula oili au ina silinda isiyochoma, kwa kuwa hayo ndiyo huua masega. Ukiweka mapya bila kuponya chanzo, nayo yatakufa. Jueni pia kwamba masega yana madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na wako watu wanaoyatoa na kuyauza bila mwenye gari kujua. Gari likiacha kelele nyororo ya jana na kuanza kunguruma baada ya kutoka gereji, ulizeni.

KUAMUA JUU YA PESA

Fundi akishaeleza, msiamue mkiwa mmesimama kwenye oili ya gereji. Mwulizeni maswali matatu: Umejuaje kwamba ni kitu hiki? Tukingoja hadi mwisho wa mwezi kutatokea nini? Spea ya zamani tutapewa tuione? Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Kuuliza si ujinga.

Kisha, nyumbani, gaweni mambo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la leo: lolote linalohusu breki, oili, joto, au taa inayopepesa. Hilo hufanywa hata kama ni kwa kukopa, au gari hulala. Fungu la pili ni la mwezi huu: linalokula petroli au litakaloharibu kitu kikubwa. Fungu la tatu ni la kungoja: linalojulikana, limeandikwa, na halina hatari.

Kwa mfano wa kuhesabu tu, tuseme kidude kinachokula petroli hutengenezwa kwa sh. 4,000, na petroli inayopotea ni ya sh. 1,200 kwa wiki. Katika wiki nne mmemwaga sh. 4,800. Kungoja karo iishe kumewagharimu kuliko kutengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kama jambo ni la fungu la tatu, karo itangulie, wala msione aibu taa ikiwaka wiki mbili zaidi, maadamu wote wawili mnajua sababu.

Wekeni pia kiasi ambacho mmoja hawezi kukipita kwenye gereji bila kumpigia mwenzake. Kiasi hicho mwakijua ninyi. Kinamlinda mume asibebwe na maneno ya fundi, na kinamlinda mke asiambiwe baadaye kwamba alidanganywa.

KUIFICHA TAA

Wako wanaobandika karatasi juu ya taa. Wako wanaochomoa kichwa cha betri asubuhi ili taa izimike. Huko ni kufuta kumbukumbu ya kompyuta. Ugonjwa uko palepale, na taa itarudi baada ya siku chache. Tena ikiwa ile ya kwanza ilikuwa ndogo na sasa limezaliwa jambo kubwa, hamtajua, kwa kuwa taa ni ile ile moja. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wako pia wanaong'oa balbu kabisa siku wanapotaka kuuza. Mnapokwenda kununua gari, wote wawili, washeni swichi kabla ya injini kupigwa na mtazame taa iwake kisha izimike. Gari lipimwe kwa mashine. Na mnapouza lenu, mwambieni mnunuzi namba iliyopo, hata bei ikishuka. Anayelinunua naye ana watoto wa kupeleka shuleni, na huenda atakaa benchi moja nanyi Jumapili.

DAFTARI LA GARI

Nunueni daftari dogo, likae ndani ya gari pamoja na kalamu. Kila petroli inapowekwa, anayeendesha aandike tarehe, kilometa, lita na shilingi. Kila taa inapowaka, aandike namna ilivyowaka na namba iliyosomwa. Kila spea ikiwekwa, aandike bei na jina la fundi, na risiti ibanwe hapo. Dakika moja yatosha.

Daftari hilo litawaonyesha siku petroli ilipoanza kuliwa, na hakuna atakayehitaji kuulizwa alikuwa wapi. Litamwambia fundi mpya kwamba koili ilibadilishwa mwaka jana. Na baada ya mwaka, jumlisheni yote. Mkiona gari limekula pesa nyingi kuliko bei yake ya kuuzwa, mtakuwa na hesabu mbele yenu ya kuamulia kama liuzwe au likae, badala ya hasira.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Je, iko taa katika gari letu inayowaka sasa, ambayo mmoja wetu anaijua na mwingine haijui?

2. Mara ya mwisho gari lilipoharibika, tulitafuta chanzo au tulitafuta mkosaji?

3. Sote wawili tunajua kupima oili na maji, na taa zipi hutaka tusimame mara moja?

4. Ni kiasi gani cha pesa ambacho mmoja wetu asikipite gereji bila kumwuliza mwenzake?

5. Kama kuna jambo linangoja hadi mwisho wa mwezi, tumeliandika wapi?

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, tokeni wawili hadi kwenye gari. Washeni swichi bila kupiga injini, mtazame taa zote zinavyowaka, mwulizane kila moja maana yake. Msiyoijua, iandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari, na kesho mmoja wenu amwulize fundi.

Kwaherini hadi toleo lijalo.